Hilux 22R inafuka moshi wa bluu asubuhi: usishushe injini kabla hujapima

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Hilux ya mwaka 1989, injini ya 22R ya petroli, kila asubuhi ukiwasha inatoa moshi wa bluu kama nusu dakika halafu inatulia, oili inapungua, na fundi ameshakwambia ringi za pistoni zimekufa, injini ishushwe. Naomba usimpe hela ya kuanzia kazi mpaka umalize kusoma hapa. Mimi nimepita njia hiyo hiyo na pikapu kama yako, na iliniumiza.

Yangu ilikuwa inabeba saruji na mabati kutoka Buguruni kwenda Chanika na Kisarawe. Ikaanza kufuka asubuhi kama yako. Fundi akafungua kifuniko cha oili, akachungulia, akasema ringi. Injini ikashuka, ringi mpya zikaingia, gari ikakaa gereji siku kumi na mbili bila kuniingizia shilingi. Ilinitoka zaidi ya milioni moja. Wiki ya pili baada ya kuichukua nikawasha alfajiri, moshi ule ule, rangi ile ile. Hakuna aliyekuwa ameikagua hedi, yaani kichwa cha injini. Iliondolewa, ikafutwa, ikarudishwa na sili za valvu zile zile za zamani.

Mzee mmoja fundi wa Temeke ndiye aliyenitoa gizani, na alianza na swali tu: "Inafuka ukiwasha, au inafuka ukipanda mlima na mzigo?" Swali hilo ndilo nakuuliza na wewe.

Kwenye hedi oili inazunguka muda wote kulainisha roka, yaani vile vikono vinavyosukuma valvu, na mashina ya valvu. Kila shina limevikwa kofia ndogo ya mpira, ndiyo sili ya valvu, inayokwangua oili isiteremke. 22R inazo nane. Mpira ukipikwa na joto miaka mingi unakauka na haulikamati shina tena. Ukizima gari jioni, oili iliyobaki juu inajipenyeza taratibu usiku kucha, inakwenda kukaa mgongoni mwa valvu na juu ya pistoni. Asubuhi ukipiga stata inaungua yote kwa pamoja, ndilo wingu unaloliona. Ikishaungua, moshi umekwisha mpaka gari ilale tena.

Ringi zikichoka hazisubiri asubuhi. Oili inapanda kutoka chini saa yoyote na inazidi injini ikibebeshwa kazi. Pakia mifuko ishirini ya saruji, panda mlima wa Pugu kwa gia ya pili, mwambie kijana wa bodaboda akufuate nyuma. Akikuambia moshi ulikuwa unatoka mfululizo wakati wote wa kupanda, hapo ringi au silinda zina kesi ya kujibu.

Halafu geuza, shuka. Weka gia ya tatu, ondoa mguu kabisa kwenye mafuta, acha injini ndiyo ishike gari. Kabureta ikiwa imefungwa huku injini inazunguka kwa kasi, inavuta kwa nguvu sana na inafyonza oili kupitia kwenye mashina ya valvu. Ukifika bondeni ukakanyaga tena, kama sili zimekufa linatoka fungu la moshi wa bluu kisha linakata. Ni vilevile ukikaa kwenye foleni robo saa injini inaunguruma, taa zikaruhusu, ukaondoka na wingu nyuma yako. Yangu ilikuwa hivyo kabisa. Ikipanda ilikuwa safi. Ikishuka, na ikitoka kwenye foleni, watu wa bajaji walikuwa wanaziba pua.

Rangi nayo iangalie vizuri, na uiangalie mwenyewe. Mwambie mtu akuwashie, wewe simama nyuma na kitambaa cheupe, kishike kama shibiri moja kutoka kwenye bomba. Changu kilitoka na madoa madogo ya kahawia yenye utelezi, ukiyasugua kwa kidole yanatanuka, na harufu yake ni ya oili iliyoungua sufuriani. Moshi mweusi unaonuka petroli ni mambo ya kabureta au choki. Mweupe mzito usiokoma, na maji ya rejeta yanapungua, hilo ni gasketi ya hedi. Usidanganyike kwamba ni mvuke wa baridi tu, Dar haina baridi ya Makambako.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha kweli oili inaungua. Weka boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku, asubuhi lisome. Pima dipstiki gari ikiwa sehemu tambarare kabla hujawasha, andika na kilomita. Yangu ilikuwa inakula lita moja kwa kilomita 600 hivi. Tazama pia mpira wa kupumulia unaotoka kwenye tapeti kava, kifuniko cha juu ya hedi: kile kivalvu chake kikiziba, presha inakosa njia na oili inasukumwa popote inapoweza kupita. Kichomoe ukitikise, kinatakiwa kilie kama njugu. Ni kitu cha bei ndogo na watu wanashusha injini kwa sababu yake.

Sasa kipimo chenyewe, na hapa usikubali mkato. Mtafute fundi mwenye geji ya kompresheni, ile inayopima mgandamizo ndani ya silinda. Injini ipate moto kwanza. Mtoe plagi zote nne, mzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Waya wa koili uchomolewe. Wewe kanyaga mafuta mpaka mwisho, yeye apime silinda moja moja huku stata inazunguka mizunguko kadhaa, kwa betri yenye nguvu. 22R nzima inasoma karibu 171 psi (paundi kwa inchi ya mraba), na mwisho wa kuvumilia ni 142. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Yangu ilisoma 162, 165, 158, 160, na kipimo hicho ndicho ningetakiwa kukifanya kabla ya kulipa hela ya ringi.

Silinda ikisoma chini, mwaga kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Namba ikiruka juu, ringi ndiyo mkosaji kwa sababu oili imeziba pale zinapovujisha. Ikibaki pale pale, valvu hazikai vizuri au gasketi inapitisha.

Na zile plagi usizirudishe bila kuzitazama. Zangu namba moja na mbili zilikuwa kavu, rangi ya kahawia ya kawaida. Ya tatu ilikuwa imeota gamba jeusi upande mmoja, na ukiiinamisha inaacha unyevu wa oili kwenye kidole.

Kama vipimo vitakuwa kama vyangu, unachohitaji ni sili za valvu. Kuna jambo moja la 22R ambalo mafundi wengi waliozoea injini nyingine hawalijui: bolti zinazoshika roka ndizo hizo hizo zinazoshika hedi. Ukifungua roka, umeshailegeza hedi. Kwa hiyo usikubali habari ya "nabadilisha sili bila kugusa hedi". Itoe hedi kwa heshima, nunua gasketi mpya, ipeleke kwa fundi wa mashine aangalie kama imepinda. Ikiwa mezani, shika kila valvu uitikise ndani ya gaidi yake, yaani kile kibomba ambamo shina linapanda na kushuka. Ikicheza, sili mpya haitadumu. Mimi nilibadilisha gaidi mbili za eksosi.

Yule mzee alipochomoa sili ya kwanza alinipa mkononi. Ilikuwa ngumu kama ukucha wa kuku. Nikaibonyeza kidogo, ikapasuka vipande viwili. Sili zote nane, nilizonunua kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, hazikufika hata sehemu ya kumi ya nilichokwisha kutumia kwenye ringi.

Wakati wa kuvisha, sili ipakwe oili na ncha ya shina ifunikwe nailoni, maana pale kwenye mfereji wa kushikia pini kuna ukali unaokata mpira mpya kabla haujaanza kazi. Hedi ikazwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kutoka katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu, mwisho paundi-futi 58. Tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu, ziseti injini ikiwa na moto: 0.20 mm valvu za kuingiza, 0.30 mm za eksosi. Kaa hapo hapo mpaka hilo lifanyike, maana ndilo linalorukwa watu wakiwa na njaa ya kufunga kazi.

Kuhusu oili nzito: ndiyo, 20W-50 itapunguza moshi kidogo na mimi ndiyo ninayotumia, lakini haiponyi mpira uliokufa. Kama hela ya kazi haijapatikana, endelea na safari zako, pima dipstiki kila asubuhi na uongeze. Moshi wa kuwashia peke yake hauui injini. Kinachoiua ni kuendesha na oili iliyoshuka chini ya alama.

Wenye Hilux za dizeli, injini za 2L na 3L, msifuate kipimo cha mteremko. Dizeli hizo hazivuti kama petroli mguu ukitoka, na moshi mweupe wa asubuhi kwenu mara nyingi ni plagi za moto au nozeli.

Mkuu, geji ya kompresheni ukikosa gereji ya karibu, mafundi wa Temeke wengi wanayo, mtu anapima saa moja tu. Niandikie hapa namba nne, silinda kwa silinda, kavu na baada ya kijiko cha oili, na jinsi ulivyozikuta plagi.