Usiku mmoja Cuenca? Hapana, dada yangu

Wiki iliyopita dada mmoja wa Morogoro aliniandikia hivi: "Kaka, habari za siku. Mwezi wa saba mimi na mwenzangu tunakwenda Ekuador. Tukishuka Guayaquil tunapandisha Cuenca, tunalala usiku mmoja, asubuhi tunaendelea Quito. Kwa usiku mmoja tuangalie nini?"

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa. Mpango wake ni uleule niliokuwa nao mimi miaka minne iliyopita, na mpango ule uliniponza. Rafiki niliyesafiri naye, mtu tuliyeanza naye darasa la kwanza pale Tanga, mpaka leo tukikutana ni salamu tu. Basi jibu nimelileta hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake. Wengi mnaonisoma mna kibubu cha safari kama nilichokuwa nacho mimi, na ramani ukutani.

Ndege siielezei. Guayaquil nayo kwa ufupi: ni mji wa pwani, joto na jasho lake ni la Dar kabisa. Tulilala saa nne tu, tukaamka, tukapanda kigari cha abiria kwenda Cuenca. Mwendo wenyewe ni saa tatu hadi nne, na hapo ndipo mtego ulipo. Barabara inaanza kwenye mashamba ya migomba na kakao, karibu na usawa wa bahari. Inaingia ukungu, inazidi kupanda, mpaka inafika hifadhi ya taifa ya Cajas na kuvuka mgongo wa milima ya Andes kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,000. Kutoka hapo inateremka hadi Cuenca, mita 2,560 hivi.

Nipime kwa kipimo chetu. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza Mandara, mita 2,700 na kitu. Usiku wa pili hulala Horombo, mita 3,700 na kitu, na wengi huongeza siku ya kupumzika hapohapo ili mwili uzoee. Mimi asubuhi ile kimo cha Mandara nilikipita nikisinzia, cha Horombo nikakipita nikila biskuti, na adhuhuri ilikuwa bado. Gari liliposimama kule juu nilishuka mbio kuelekea ziwani nipige picha. Mbio! Waongozaji wetu wa Kilimanjaro wamewafundisha wageni wa dunia nzima maneno mawili, "pole pole", na mimi mwenye lugha nikayaacha nyumbani.

Kichwa kilianza kugonga kabla hatujafika mjini. Tulipofika nilipanda na begi mgongoni zile ngazi za kutoka mtoni hadi mtaa wa Calle Larga, na juu yake nikatapika kando ya ukuta, watu wakipita. Usiku sikulala. Kila nikisinzia nashtuka kama mtu aliyekabwa koo.

Asubuhi mwenzangu alikuwa amekwisha kufunga begi. Tiketi za Quito na za visiwa vya Galápagos zilikuwa zimelipiwa. Nilimwomba siku moja tu. Akaniambia, "Bwana, mimi sikuja huku kuuguza." Akaondoka. Pesa ilikuwa yake na haki ya kuondoka alikuwa nayo, sikatai. Lakini kauli ile haijanitoka moyoni, na mwaka uliofuata ilinirudia upya nilipomsikia kwenye harusi akiwaambia watu kwamba mimi nilikwenda Amerika Kusini kulala.

Sikulala. Nilikaa Cuenca siku kumi na moja, na mji ule naujua kuliko anavyojua yeye pahala popote alipopita katika zile wiki zake tatu.

Siku mbili za mwanzo alinihudumia mama mwenye nyumba ya wageni. Aliniletea chai nyekundu ya majani na maua ya dawa, wenyewe wanaiita horchata, na jioni akaniletea locro, supu nzito ya viazi na jibini yenye vipande vya parachichi juu yake. Kila nilipotaka kuinuka alinikalisha kwa neno moja: despacio. Niliposhika simu kutafuta maana yake, ilikuwa "pole pole". Nimevuka bahari nzima kwenda kuambiwa neno la kwetu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, dada yangu, ndio huo. Siku ya kufika usifanye lolote. Kunywa maji, kula kidogo, tembea mwendo wa bibi harusi. Kwenye kimo kile pumzi moja inakupa takribani robo tatu tu ya hewa uliyozoea pwani, na mwili unahitaji siku kadhaa kujirekebisha. Kichwa kikiuma, pumzika. Ukiona unahema hata ukiwa umekaa, au mwenzako anaanza kusema maneno yasiyoeleweka, hilo si la kuvumilia: hospitali, na kuteremka. Cajas iache mpaka siku ya tano au ya sita. Haikimbii. Mimi niliirudia siku ya nane, nikazunguka ziwa Toreadora taratibu, nikaona ile miti midogo ambayo gome lake linabanduka kama karatasi, na nyasi za páramo, yaani nyika ya baridi ya juu milimani, ambazo ukizikanyaga unahisi umekanyaga sifongo. Ni sifongo kweli. Zinanyonya mvua na ukungu na kuachia maji polepole kwenye mito ya bondeni. Siku ile ya mbio nilikuwa nimepita mahali hapohapo na sikuona chochote.

Siku ya nne ndipo nilipotoka. Nilikaa kwenye benchi katika bustani ya Calderón, katikati ya mji, asubuhi yote. Upande mmoja lipo kanisa kuu la zamani, jeupe na dogo, ambalo mnara wake ulitumiwa na wanasayansi wa Ufaransa katika karne ya 18 walipokuja kupima umbo la dunia karibu na mstari wa ikweta. Ng'ambo yake lipo kanisa kuu jipya, lililoanza kujengwa mwaka 1885 na kuchukua miongo mingi, la matofali, lenye kuba tatu kubwa za buluu. Wazee wanang'arishiwa viatu. Watu wananunua maua kwa akina mama kwenye kiwanja cha pembeni. Hakuna anayekuita, hakuna anayekuvuta mkono. Na hilo ndilo linalowapita wageni wengi: wamezoea miji inayowapigia ngoma, wakifika kwenye mji uliotulia wanasema hauna kitu.

Unacho. Ni mji wa mito minne, na jina lake refu linasema hivyo: Santa Ana de los Ríos de Cuenca. Wahispania waliuanzisha mwaka 1557 juu ya magofu ya Tomebamba, mji mkubwa wa Wainka, na kabla ya Wainka palikuwa pa Wakañari, wenyeji wa zamani zaidi. Mawe ya Wainka yapo mpaka leo Pumapungo, ukingoni mwa mji, na llama, wanyama wa Andes wa jamii ya ngamia, wanakula majani katikati yake. UNESCO waliuingiza mji mkongwe kwenye urithi wa dunia mwaka 1999. Mto Tomebamba unapita chini ya nyumba zilizoning'inia ukingoni, na lipo daraja la mawe ambalo mafuriko ya mwaka 1950 yalilikata. Hawakulijenga upya, limeachwa nusu, na jioni vijana wanakaa juu yake kupunga upepo.

Jambo moja lilinifurahisha sana. Kwa kuwa wako karibu na ikweta kama sisi, jua linachomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima. Saa ya Kiswahili ingewafaa kabisa: saa moja asubuhi pale ni saa moja kweli.

Chakula msihofu, na hasa ninyi wenzangu msiokula nguruwe. Kwenye soko la 10 de Agosto ghorofa ya juu utawakuta akina mama wamepanga nguruwe wazima wa kuokwa, lakini wapo pia wanaouza mote, na mote ni mahindi yaliyotolewa ganda na kuchemshwa. Yaani makande ambayo hayajatiwa maharage! Wakiyakaanga na mayai wanayaita mote pillo. Mama aliyenipakulia aliniona nimefumba macho akadhani sijapenda. Sikuwa na Kihispania cha kumweleza kwamba nilikuwa jikoni kwa bibi yangu. Ukienda, beba noti ndogo na sarafu, kwa kuwa nchi inatumia dola ya Marekani tangu mwaka 2000 na noti ya 20 sokoni inamsumbua kila mtu. Na salimia. Usimuulize mtu bei kabla ya "buenos días". Hili la salamu mtu wa kwetu halihitaji kufundishwa, ila nimewaona wengi wakifika ugenini wanalitupa.

Utaulizwa pia kama unatoka Esmeraldas. Ndiko pwani ya kaskazini wanakoishi Waekuador wengi wenye asili ya Afrika, na Cuenca wako wachache, kwa hiyo utaangaliwa. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nikaanza kujibu, "Natoka Tanzania", na mara tatu jibu hilo lilinizalia mazungumzo ya saa nzima.

Sasa la kofia, na hili ndilo lililonifanya nikae siku zote zile.

Kofia mnayoiita ya Panama asili yake ni Ekuador. Ilipata jina hilo kwa sababu ilikuwa ikiuzwa kupitia Panama. Inasukwa kwa nyuzi za toquilla, mmea wenye majani kama ya mnazi mchanga, unaoota kwenye joto la pwani. Nyuzi zinapandishwa milimani, na akina mama wengi wa vijiji vinavyoizunguka Cuenca wanazisuka. Usukaji huo UNESCO waliuingiza kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2012. Nilipanda basi kwenda Sígsig siku ya tano, nikiwa sijui ninafuata nini.

Kwenye kibaraza kimoja alikuwapo mama wa miaka sabini hivi, nywele mikia miwili, anasuka bila kuangalia mikono yake huku akizungumza na jirani. Mimi nimelelewa na bibi anayesuka ukili. Nimelala utoto wangu wote pembeni ya ukindu uliolowekwa, najua harufu yake, najua sauti ya ukili ukivutwa. Nilisimama pale nikashindwa kuondoka. Mfukoni mwa begi nilikuwa na kipepeo cha ukindu, kile cha kujipepea, bibi alinipa kwa ajili ya joto la Guayaquil. Nikakitoa nikampa. Unajua alifanya nini? Alikigeuza. Hakuangalia rangi, aliangalia mgongo wake kuona bibi alivyoficha ncha, kama bibi mwenyewe anavyofanya akiletewa kazi ya mtu mwingine. Kisha akasogea akanipisha nikae.

Nilirudi kwake siku nne. Kofia inaanza katikati ya utosi, nyuzi chache zimepishana, na kila mzunguko unaongezwa nyingine mpaka inafika ukingoni. Alinipa ya kujifunzia. Vidole vyangu vilielewa kabla yangu, na siku ya tatu alimwita jirani aje aone. Naandika haya nikijivunia. Nilielewa pia la pili, la uchungu: aliyesuka ndiye anayepata kidogo. Kofia inanunuliwa kwake ikiwa mbichi, inakwenda mjini kusafishwa na kubanwa umbo, inapita mikono mingine, na bei inapanda kila inapopita. Bibi yangu na mikeka yake ni hivyohivyo. Kwa hiyo ukitaka kofia, dada, inunue kwa mkono uliosuka, na usiombe upunguziwe. Umelipa nauli ya kuvuka bahari, halafu unamkatia mama wa watu dola mbili? Tuache tabia hiyo.

Na jingine nitalisema ingawa linaweza kuwaudhi wengine. Kabla ya kulipia chochote, kaeni chini na mwenzio muulizane: mmoja akiugua, tunafanyaje? Sisi tulipanga kila kitu kwa miezi kumi na tano, hoteli, pesa, hata zamu ya kubeba chaja, na swali hilo hatukuulizana. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, wazee walishasema, na mwenye pupa hafai kuwa mwenzi wa njia. Wewe mwenyewe usiwe huyo. Usiende Cuenca kwa pupa. Tafadhali, usiende kwa pupa.

Jibu lako basi, dada yangu. Usiku mmoja hapana. Siku saba ni chache lakini zinatosha kuanzia, na kama fedha haitoshi punguzeni Quito. Bebeni sweta na koti la mvua, maana ndani ya siku moja utaona jua kali, mvua na baridi ya kukuliza, na ukisikia watu wanasema "achachay" ujue nao baridi imewashika. Kadi ya manjano ya chanjo isitoke kwenye mkoba wa pasipoti.

Soko la Sígsig ni Jumapili. Shuka stendi, tembea pole pole, na uangalie vibaraza. Ukiona ukutani kimetundikwa kipepeo cha ukindu cha zambarau na kijani, bisha hodi. Mwambie kwamba bibi bado anasuka.