Ukitakiwa Utie Sahihi Uongo, Msome Balikuddembe

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kakamega aliniandikia. Mkubwa wake kazini anamtaka atie sahihi hesabu za dizeli ambayo haikuletwa. Mama yake amemwambia asali novena, ile sala ya siku tisa. Yeye ananiuliza: hao watakatifu wa zamani wanajua nini kuhusu kazi za siku hizi?

Wanajua, ndugu yangu, tena sana.

Mimi nilikuwa karani wa stoo katika kampuni moja hapa Kisumu. Niliwekewa mezani karatasi ya mifuko ya saruji ambayo haikupita getini, nikakataa. Kabla ya mwezi kuisha nilikuwa nje. Watu niliokula nao chakula cha mchana kila siku wakawa wanavuka barabara wakiniona. Mshahara nilishausahau; hilo la barabara bado linaniuma.

Aliyeniinua ni Yosefu Mukasa Balikuddembe. Kila tarehe 3 Juni, wanaokwenda kuhiji Namugongo, Uganda, na sisi tunaobaki jumuiyani tunawataja Karoli Lwanga na Kizito, huyu tunampita. Naye ndiye Mkatoliki wa kwanza kuuawa kati ya Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, tarehe 15 Novemba 1885.

Alikuwa msimamizi katika jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda; kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye cheo cha kutamaniwa. Mwezi uliotangulia, Askofu James Hannington wa Kianglikana alipita Mumias, kwetu kabisa, akielekea Buganda. Wageni wa njia ya mashariki walihofiwa huko kwamba wanakuja kuiteka nchi. Tarehe 29 Oktoba aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga.

Balikuddembe alimkemea mfalme wake kwa mauaji hayo. Askofu hakuwa hata wa dhehebu lake! Tena alikuwa akiwakinga vijana watumishi wasichafuliwe na Kabaka, kwa hiyo chuki ilikuwepo tayari. Ikaamriwa achomwe moto. Mnyongaji akamkata kichwa kwanza. Kabla ya kufa alimtumia Mwanga ujumbe kwamba amemhukumu bila haki, lakini amemsamehe, na atubu.

Hapo kwenye "bila haki" nilikaa sana. Nilipofukuzwa, wazee wa kanisa waliniambia nisamehe na ninyamaze, kana kwamba ni kitu kimoja. Balikuddembe alisamehe na dhuluma akaitaja. Tangu siku hiyo nami naitaja, na moyoni sina kinyongo cha kumlaani mtu.

Kwa hiyo soma maisha ya mtakatifu yote, usiishie kwenye jina na sikukuu. Mtafute aliyekuwa na mkubwa kama wako. Kama una mke na watoto na unaogopa karo, msome Matia Mulumba Kalemba, aliyeuawa akiwa baba wa familia. Wakristo tumezoea kuwaomba watakatifu kazi, tukishaipata hatuwaulizi tuifanye vipi. Tuache hivyo. Mwizi anayekaa kiti cha mbele kanisani anategemea sahihi zetu sisi wacha Mungu.

Novena ya mama isali. Waambie watu wa jumuiya yako kabla ya kukataa, wasije wakasikia habari zako kwa wengine. Kisha andika kiasi halisi cha dizeli kilichoingia, na tarehe, ubaki na nakala, na ile karatasi uirudishe bila sahihi.