Kopo la thina si kigeugeu

SWALI: Ninatafsiri maelekezo ya kopo la thina na taarifa ya bei za mazao. Kote nimekutana na neno la Kiingereza "volatile". Kamusi yangu inasema "-siyo thabiti, -geugeu", nami nikaandika: "Kimiminika hiki ni kigeugeu." Mhariri amekikata kwa wino mwekundu bila maelezo. Kosa liko wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mhariri yuko sahihi. Kigeugeu ni mtu anayekuahidi asubuhi na kukuruka jioni. Neno hilo la Kiingereza lina asili ya Kilatini "volare", yaani kuruka, na kwenye kopo maana yake ni kwamba kimiminika hugeuka mvuke upesi bila hata kuchemshwa. Asetoni, iliyomo katika thina nyingi, huchemka kwenye nyuzijoto 56 tu. Maji hungoja 100. Andika: "Huvukiza upesi. Funga kopo barabara na weka mbali na moto." Hilo la moto usiliache. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko lililo upande wa pili wa chumba. Ukiandika "si thabiti", fundi atadhani kopo litapinduka.

Kwenye bei, "volatile" ni kupanda na kushuka kwa ghafla. Tuseme kilo ya vitunguu ni shilingi 1,200 Jumatatu, 2,000 Alhamisi, na 1,300 Jumatatu inayofuata: hiyo ndiyo bei "volatile". Ikishuka shilingi 50 kila wiki bila kukosa, imeshuka, lakini si "volatile". Kwa hiyo jihadhari na "bei imeyumba", maana wasomaji wengi huelewa kuwa mambo yameharibika. "Bei inayopandashuka ghafla" inatosha.

Habari za siasa na vita zimeshapata neno lake: hali tete. Tete haichukui kiambishi. Ni mazingira tete, amani tete. "Mazingira matete" yatatupeleka kwenye matete ya kandokando ya mto. Wala usilibandike kwa binadamu mwenye hasira, kwani "mtu tete" ataonekana dhaifu. Huyo ana hasira za karibu.

Katika kompyuta, RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayotumika mashine ikiwa kazini, huitwa "volatile" kwa sababu umeme ukikatika kilichomo hupotea. Sema "kumbukumbu inayofutika umeme ukizimwa", hata kama ni ndefu.

SWALI: Je, "unstable" si neno hilohilo? – Mwanafunzi wa kemia, Mombasa

JIBU: Katika maabara, la, na kuyachanganya ni hatari. Petroli huvukiza upesi, lakini ndani ya kopo lililofungwa haijilipukii yenyewe. Nitrogliserini, kilipuzi cha majimaji, ni kinyume chake: huvukiza kidogo mno, ila mtikisiko tu unaweza kuilipua. Ya kwanza ni "volatile", ya pili ni "unstable".

Nje ya maabara, "unstable" hufuata kitu kinachosemwa. Meza yenye mguu mmoja mfupi inachezacheza. Mtandao unakatikakatika. Mgonjwa hali yake haijatengemaa. "Yu mahututi" ni zaidi ya hapo, usimpeleke huko kabla ya daktari. Ngazi isiyokaa sawa inayumba, na hapo ndipo kitenzi hicho kinapofaa bila shaka yoyote.