Usitiki hilo boksi namba 4 kwenye JS 44, ile fomu ya kufungulia kesi korti ya federali, nakusihi

Mkuu ngoja, usiende kulipa kesho. Umeandika uko Dallas, dila (muuza magari) aliyekuuzia lori bovu yuko Houston, wote Texas, unamdai dola 82,000, na kwa kuwa una grini kadi tu hujawa raia basi unatiki boksi namba 4, la daivasiti (yaani wewe na unayemshtaki ni watu wa majimbo au nchi tofauti), ufungue kesi korti ya federali. Nimesoma hapo nikasikia tumbo linanikata, maana huyo ni mimi kabisa, tofauti ni kwamba mimi na dila wangu tuko Ohio.

Kuna mzee mmoja huku anajiita mtaalamu wa fomu, sio wakili, ana printa na maneno matamu. Alinichaji dola 300. Akaniambia "wewe si Mmarekani, ni raia wa nchi ya nje, kwa hiyo korti ya federali ni haki yako, tena huko ndo wanaogopwa". Akatiki namba 4, akashuka sehemu ya tatu akatiki raia wa nchi ya nje, nami nikasaini kwa mbwembwe kama nasaini mkataba wa Simba. Nikalipa 405 dirishani, karani akagonga muhuri, nikaupiga picha nikautuma kwenye grupu la familia, bimkubwa Tanga akaanza dua siku hiyohiyo. Kumbe karani kazi yake ni kupokea, haruhusiwi kukushauri kisheria, ungempa hata na madai ya kuku angegonga tu muhuri.

Miezi saba! Wakili wa dila wala hakugundua, tukawa tunarushiana makaratasi vizuri tu, mpaka jaji mwenyewe akatoa amri nijieleze kwa nini kesi iko mbele yake. Sheria ilirekebishwa 2011: ukiwa na grini kadi na makazi yako ya kudumu yako jimbo lilelile la mdaiwa, hamhesabiki kama watu wa pande tofauti, basi, hata kama una pasipoti ya Tanzania mbili. Na korti isipokuwa na mamlaka, hata nyie wawili mkubaliane iendelee haisaidii kitu, jaji anaweza kuliibua wakati wowote. Kesi ikatupwa, ile 405 hairudi, nikaambiwa naweza kwenda korti ya jimbo, nikaanza sifuri huku muda wa kudai umebaki kiduchu. Nikampigia mzee wa printa, akaniambia "kila jaji ana tafsiri yake". Tafsiri yake! Kama angeniuzia mafuta ya upako angalau ningepaka.

Kwa hiyo kabla hujajaza jina lako, jaza kwanza kichwani: ni KITU GANI kinaiingiza hii kesi korti ya federali? Ni ama unadai haki iliyo kwenye sheria ya federali au katiba ya Marekani, hiyo ni boksi namba 3, ama ni majimbo au nchi tofauti KWELI na dai linazidi dola 75,000 bila kuhesabu riba na gharama za kesi, hiyo ndo namba 4. Namba 1 na 2 ni pale serikali ya Marekani yenyewe inaposhtaki au kushtakiwa, hazikuhusu. Kampuni ya kawaida inahesabiwa jimbo iliposajiliwa PAMOJA na jimbo lenye makao makuu, sio uchague moja. Na kama jina linaishia LLC (kampuni yenye dhima yenye kikomo) ndo balaa, hapo wanaangalia wenye kampuni mmojammoja wako wapi. Dila wako akiwa na mwenzake mmoja tu wa Texas umekwisha. Na lori bovu peke yake, bila kitu kingine, ni ugomvi wa sheria ya jimbo, usilazimishe namba 3 kwa hasira.

Samansi (wito wa korti) uliyouliza: wewe mwenyewe huruhusiwi kumpelekea dila, atafutwe mtu wa miaka 18 au zaidi asiye sehemu ya kesi, na una siku 90 tangu ufungue. Lakini hayo ni ya mwenye kesi iliyo mahali pake, wewe bado hujafika huko, unawaza samansi kama mimi nilivyowaza muhuri.

Hilo jina la dila kwenye karatasi ya mauzo linaishia na nini? Liandike hapa leo kabla hujalala.