Kuvunja ubia na ndugu: shika daftari kabla hujashika wakili

Dada mleta mada, umesema mlianzisha biashara na kaka zako wawili bila mkataba wa maandishi, sasa unataka kutoka, na kaka mkubwa anakwambia utaondoka na mtaji uliotia mwanzoni, basi. Pole sana. Nimepita hapo na ndugu zangu, tulikuwa na karakana ya samani, na kesi ilitula miaka minne.

Hilo la mtaji tu usilikubali. Sheria za ubia za nchi nyingi zimetokana na ile ya Uingereza ya mwaka 1890. Humo, kama hamkukubaliana vingine, faida ni sawa kwa sawa hata kama mmoja alitia fedha nyingi kuliko wenzake. Ubia ukivunjika, wanalipwa kwanza wadai wa nje, halafu mbia aliyeikopesha biashara, kisha kila mtu anarudishiwa mtaji wake, na kinachobaki kinagawanywa kama faida. Hicho kinachobaki ndicho kaka yako hakitaji: mashine, mzigo wa stoo, fedha mnazowadai wateja, na thamani ya jina mlilojenga pamoja.

Ila sisi kilichotumaliza ni daftari. Kaka yangu aliandika mauzo na matumizi kwenye daftari moja la jalada gumu, na upande wa matumizi neno "nyumbani" lilijirudia kurasa kwa kurasa. Nyumbani kwa nani? Mengine yalikuwa matibabu ya mama, mengine kiwanja chake, mengine ada ya mwanangu. Wakili wake alinisomea mstari mmoja mmoja nikitoa ushahidi, na ile ya ada nikakiri nilipokea. Mama alikuwa benchi la nyuma, ameukumbatia mkoba wake, anatazama sakafu. Mpaka leo sijaisahau siku ile.

Kwa hiyo kabla hujatangaza kuondoka, piga picha kila ukurasa, risiti, taarifa za benki na karatasi za mikopo. Mbia ana haki ya kuona vitabu vya biashara na kuvinakili, usitishwe. Kisha toa notisi ya maandishi yenye tarehe. Ubia usiowekewa muda, mbia yeyote anaweza kuuvunja kwa notisi. Sisi tulibishana mwaka mzima ubia ulikufa siku gani, na huku biashara inaendelea kukopa. Wajulishe pia benki na wauzaji wote, maana anayekujua kama mbia anaweza kukudai mpaka apate taarifa. Mimi nilidaiwa mbao zilizokopwa miezi mitano baada ya kuondoka.

Vikao vya familia tulikaa sita. Jioni mnasameheana na kulia, asubuhi unakuta stoo ina kufuli jipya, kwa sababu hesabu hakuna aliyezigusa. Tafuteni mhasibu asiye ndugu wala rafiki wa yeyote, athamini kila kitu, halafu anayebaki amnunue anayetoka. Sisi tuliishia mnadani, na randa ya umeme tuliyoidunduliza miaka miwili ikaondoka kwa bei ya chuma chakavu.

Na jengo je? Hati ina jina la nani? Kama lilinunuliwa kwa fedha za biashara, jina la kaka pekee halitoshi kulifanya lake. Kama ni la marehemu mzee, hayo ni mambo ya mirathi, usiyachanganye na ubia. Tujibu hilo kwanza.