Kabla Hujampa Fundi Mkasi: Niliyojifunza kwa Shela Langu

Shela langu lilikuwa la dada yangu. Yeye alifunga ndoa Moshi, akalivaa siku moja, akalitunza kabatini hadi zamu yangu ilipofika huku Dar. Dada ni mrefu na mwembamba. Mimi ni mfupi, na kiuno changu si cha kubanwa. Kwa hiyo kazi ilikuwa mbili: kupunguza chini na kuongeza kiunoni.

Nililipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu. Ananishonea vitenge miaka yote na sijawahi kulalamika. Nikalivaa, nikasimama, akapiga pini, akakata. Hakuna aliyekumbuka, si mimi si yeye, kwamba nilikuwa nimesimama na kandambili. Niliporudi na viatu vya harusi, virefu sentimita 9, gauni lilikuwa linaning'inia juu ya vifundo vya miguu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Nililia palepale kibandani.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Kariakoo ambaye kazi yake ni mashela tu. Kabla ya kuniuliza jina aliuliza, "Vipande vilivyokatwa viko wapi?" Bahati nzuri ile lesi ya pindo nilikuwa nimeirudisha nyumbani kwenye mfuko. Aliongeza neti mpya chini, kisha akaipachika lesi ya zamani juu ya maungio kwa mkono, ua kwa ua, mshono usionekane. Akaniambia, "Mwanangu, shela halipimwi na kandambili." Kwa hiyo nakuomba, dada unayesoma: siku ya kwanza kwa fundi nenda na viatu vyenyewe na sidiria yenyewe. Sidiria nyingine hupandisha kifua, na kifua kikipanda hata pindo la mbele linapanda. Na vipande vyako vidai vyote.

Sasa kiuno. Watu wengi hudhani gauni likibana fundi "ataachia kidogo". Lifunue ndani kwanza uone akiba ya kitambaa. Mshono wa pembeni una ncha mbili, pembeni ziko mbili, jumla ncha nne. Ukiachia nusu sentimita kila ncha unapata sentimita 2 tu, basi. Na satini ikifumuliwa huacha vitobo vya sindano mahali mshono ulipokuwa. Langu halikuwa na akiba ya maana, kwa hiyo mama yule alitoa zipu ya mgongoni, akaweka vitanzi na kamba ya kufunga kama buti, na kipande cha kitambaa nyuma yake kuficha ngozi. Naipenda njia hii kuliko zote. Ukinenepa unalegeza, ukikonda unakaza. Mimi nilikonda, kwa mawazo ya vikao vya kamati na michango isiyotimia. Kama bado hujanunua au kukodi, chukua lililokuzidi kidogo. Kupunguza kuna njia nyingi, kuongeza kuna chache.

Na kama una ujauzito, mwambie fundi. Mwambie na miezi. Hayuko pale kukuhukumu, na mwezi mmoja unatosha kabisa kubadilisha tumbo na kifua.

Kuhusu muda, anza miezi miwili kabla. Jaribu mara ya kwanza wakati wa kupiga pini, ya pili kazi ikikamilika, ya mwisho wiki ya harusi. Mafundi huelemewa kabla ya Idi na Krismasi, na baada ya Pasaka pia, kwa kuwa Wakatoliki wengi hukwepa kufunga ndoa Kwaresima na harusi zote hurundikana baadaye. Usimalize kulipa kabla ya jaribio la mwisho. Muulize pia anapiga pasi gani umeme ukikatika. Pasi ya mkaa inarusha majivu na cheche, na kitambaa cheupe hakisamehi.

Siku ya kujaribu, tandika khanga safi chini, usiliburuze sakafuni. Kisha usiishie kusimama mbele ya kioo. Piga magoti, maana madhabahuni utapiga magoti, tena watu wote wakiwa nyuma yako. Kaa. Nyanyua mikono kama unayemlisha mumeo keki. Serebuka. Langu lilitoa sauti kwapani nilipopiga magoti mara ya kwanza. Likaongezwa kipande kidogo cha kitambaa pale. Kama lina mkia, mwambie akuwekee vishikizo vya kuupandisha ukifika ukumbini, na mpambe wako ajifunze kuvifunga mapema.

Jambo jingine linalosahaulika: ukifanyiwa singo, yaani kusuguliwa mwili kwa manjano, usilijaribu gauni jioni ileile. Manjano yanahamia kwenye bitana na hayatoki. Na asubuhi ya harusi, kama shela linavaliwa kwa kupitishwa kichwani, jifunike uso kwa khanga nyepesi kwanza ili vipodozi visiliguse.

Shela lile sasa limerudi kabatini, limefungwa kwenye shuka jeupe la pamba, vipande vyake vyote vikiwa kwenye mfuko pembeni. Mdogo wetu wa mwisho ameshatolewa mahari. Ni mrefu kuliko hata dada. Jumamosi tunampeleka Kariakoo kwa mama yuleyule, na nimeshamwambia aanze kwa kununua viatu.