Usishushe msimu mzima wa The Gentlemen

Acha, usinunue hilo bando! Umeuliza kama ushushe msimu wote wa kwanza wa The Gentlemen, tamthilia ya Netflix, kabla ya kupanda basi la Arua. Nisikilize kwanza, maana mimi pesa yangu imeshakwenda.

Aliyenitia mkenge ni mchambuzi mmoja wa mtandaoni. Alipiga kelele kwamba Guy Ritchie mwenyewe, yule mwongozaji mashuhuri wa filamu za majambazi, yuko kazini. Yuko, ndiyo, kwenye sehemu mbili za kwanza! Msimu una nane. Sita zilizobaki waliongoza watu wengine, na hilo hakuligusa kabisa. Mtu unayefuatwa na maelfu unawezaje kusifu msimu mzima kwa sehemu mbili? Hapa Uganda tunakatwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data tangu Julai 2021. MB zetu si za kuchezea.

Na hizo mbili ni tamu, ndiyo maana zinanasa. Eddie, mwanajeshi, anarithi cheo cha kikabaila na shamba la baba yake huko Uingereza, kumbe chini ya ardhi kuna kilimo cha bangi. Kaka yake Freddy ana deni la mamilioni ya pauni. Anavalishwa vazi la kuku, manyoya mwili mzima, anachezeshwa mbele ya kamera huku mdai wake akitazama. Unacheka, halafu unaanza kuona uso wa Freddy unavyobadilika, kicheko kinakukwama kooni. Kisha bunduki.

Baada ya hapo nilingoja tukio jingine la kiwango hicho. Halikuja. Kila sehemu jambazi mpya, mzigo mpya, Eddie na Susie, yule mwanamke anayeendesha biashara ya bangi, wanasafisha, basi. Makoti ya Susie ni ya kupendeza, suti za Eddie zimekaa sawasawa, lakini Eddie hatoki jasho! Hakuna anachopoteza kikamuuma, sasa wewe uogope nini? Bila hofu, hata vichekesho vinapoa. Bando la mwezi likakata katikati ya msimu, nikaongeza jingine nikiamini mbele kutachangamka. Hilo la pili ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu dalili zote zilikuwa zimeshaonekana.

Kwa hiyo shika hili: tamthilia yoyote yenye jina kubwa, shusha sehemu tatu tu. Za mwanzo huwa wanampa bingwa ili wakunase. Ya tatu, akishaondoka, ndiyo inayokuonyesha utakachokula mpaka mwisho. Ikikuchosha, funga. Usiseme "labda ya tano." Nakuomba, ndugu yangu, usiseme!

Nafasi itakayobaki kwenye simu weka ile filamu ya The Gentlemen ya 2019 iliyozaa tamthilia hii, ya Matthew McConaughey na Hugh Grant. Haifiki saa mbili, na Ritchie kaiongoza mwanzo mpaka mwisho.